Duka la Joëlle katika Mji wa Simu

Mujukuu wangu Joëlle alifungua duka katika mji mmoja wa mchezo wa ndani ya simu, ambako kila mtu anatembeza sanamu inayosimama badala yake. Yeye anazishonea nguo za kitenge na kuziuza. Wiki nzima hakuna aliyeingia.

"Kambo, minye nafunga duka," akaniambia, kwa jina ambalo wajukuu wa huku wanaita babu na bibi.

"Sanamu yako inasimama wapi?"

"Ndani, nyuma ya meza."

"Aa! Huku soko la Kikula nani anauza vile? Toka ku mulango, salimia watu. Na matabishi unatoa?"

"Kambo! Nguo ya mu simu haina kipande cha kuongeza bure!"

"Basi ongeza kitendawili. Mwenye kujibu, umupe kilemba."

Nikamtungia: Nazunguka mama kiuno, nabeba mutoto mugongo, na mikono sina. Minye nani?

Joëlle akakiandika mlangoni, akasimamisha sanamu yake hapo. Wapita njia wawili wakasimama.

"Kamba!" mmoja akajibu.

"Hapana! Ingieni, jibu liko ndani," Joëlle akawaandikia.

Wakaingia. Yule wa pili akaona vitenge vimetundikwa, akajibu mara moja: "Kitenge!" Akapewa kilemba, kisha akanunua gauni la kufanana nacho.

Joëlle akaruka hadi kiti kikaanguka. Bukari, ugali wetu, ilikuwa tayari, lakini wateja wengine walishafika mlangoni pa duka lake. Nikamfunikia sahani yake.