Utando wa Mtoto wa Kaka

Nianze na mama yangu, maana kila jambo nyumbani kwetu huanza naye. Mjukuu wake alianza kuharisha mara tu alipozaliwa, akakonda hadi ngozi ikamlegea mapajani. Mama hakumsubiri daktari. Alimtazama wifi yangu kifuani akasema, "Maziwa yako hayafai." Tangu hapo wifi hakuwa na lake mle ndani. Akinyonyesha, anasemwa, akiacha, anasemwa. Hukumu ilishatoka: kipimo cha hospitali kisipomsafisha, arudi kwao. Kaka yangu, mume mtu, aliisikia hukumu hiyo huku akitafuna kucha.

Cha kuchekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba mama ndiye aliyemchagua. Wifi ni binti wa mjomba wetu, kaka yake mama wa tumbo moja. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alituambia wakati wa posa, akicheka. Hatukujua zimwi ni nani.

Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali. Kipande cha utumbo wa mtoto, kidogo kama punje ya mchele, kililetwa mezani kwangu. Ningeweza kumwachia mwenzangu, lakini sikutaka. Nilikigandisha ndani ya nta, nikakikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, nikakilaza kimoja juu ya kioo. Pembeni yake, kwenye kioo hichohicho, niliweka kipande cha utumbo usio na ugonjwa, wa mtu mwingine. Ndiyo desturi yetu: hicho kizima kikishika rangi, unajua dawa ya rangi haijaharibika. Dawa hiyo huipaka kahawia protini inayoshikanisha seli.

Chini ya hadubini, utumbo mzima ulipendeza. Kila seli ilikuwa imezungushiwa mstari wa kahawia, zote zimebanana bega kwa bega. Upande wa mtoto hapakuwa na kahawia hata chembe. Seli zilirundikana vishada vishada, nyingine zimeshabanduka. Nililia palepale, glavu zikiwa mikononi, na ndani ya kilio nilifurahi pia, kwa sababu kasoro hii ni ya kuzaliwa nayo, si ya maziwa, na wifi alikuwa hana kosa.

Kesho yake asubuhi daktari wa watoto alituita sote ofisini kwake.

"Utumbo kwa ndani una utando wa safu moja tu ya seli," alisema. "Zinashikanishwa na protini. Kipimo cha rangi kinaonyesha mtoto huyu kazaliwa bila mojawapo ya hizo, ndiyo maana seli zinabanduka na chakula kinapita bure. Itabidi tumlishe kwa mshipa, pengine kwa miaka. Maziwa ya mama hayahusiki kabisa."

Wifi alifumba macho.

"Kasoro hii lazima itoke kwa baba na kwa mama, wote wawili. Je, nyinyi ni ndugu?"

"Huyu ni shangazi yangu," wifi alijibu, akimwonyesha mama.

"Basi inaelekea ilitoka kwa babu au bibi yenu mmoja, ikapita kwa shangazi yako na kwa baba yako, ikawafikia nyinyi wawili."

Mama aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kwetu hakuna ugonjwa huo! Hizo rangi zenu zimeharibika."

"Mama, kipande cha pembeni kilishika rangi vizuri," nilisema. "Nilikitazama mwenyewe."

"Na wewe? Mkataa kwao mtumwa!"

 Wifi alimgeukia mumewe. "Umesikia kwa masikio yako. Sema neno moja tu."

Kaka alitazama viatu vyake. "Tumwache kwanza mama atulie."

Wifi aliinuka, akarudi wodini kwa mwanawe. Hakubamiza hata mlango. Ningekuwa mimi, ningeung'oa.

Tulipotoka ofisini mama alikuwa akijifuta uso kwa upindo wa nguo. Nilidhani, mjinga mimi, kwamba anatafuta namna ya kuomba radhi.

"Mtoto wa kulishwa kwa mipira si mtoto wa kutegemea," alimwambia kaka. "Mama yake arudi naye kwao, sisi tuanze upya. Yupo binti wa mjomba wenu mdogo. Ana adabu, ana afya, tena ni damu yetu wenyewe, tunaijua."

Nilimshika kaka mkono, nikamtikisa. "Mwambie! Daktari kasema nini sasa hivi? Mwambie!"

Kaka alijikuna shingo.

"Ameshamaliza shule?" akamuuliza mama.