Sensa Iliyopandishwa Cheo

Mama Grisi alikuwa amekaa chumba cha injini cha kile kivuko miaka ishirini na miwili, na sasa alibakiwa na safari moja tu ya kujua kama bado ni fundi au amestaafishwa bila kuomba. Meneja alilisema hadharani, mbele ya makarani na wapagazi.

"Bodi inakuja Alhamisi. Wakiona moshi, Mama, funguo unamkabidhi mkwe wangu."

Huyo mkwe walimwita Bwana Semina. Alisomea injini siku mbili hotelini, ukitoa muda wa chai, akarudi na cheti chenye muhuri wa dhahabu na kalamu nne mfukoni. Injini yenyewe hakuwahi kuishika. Alisema ina mafuta.

Sasa, injini yenyewe ilikuwa ya kisasa, ya kupimiwa petroli na kompyuta. Na kompyuta haina pua, basi imeazimwa moja: sensa ya oksijeni, kidude cha urefu wa kidole kinachofungwa kwenye bomba la moshi. Kinanusa. Kikikuta oksijeni nyingi imebaki kwenye moshi, kinaiambia kompyuta petroli ni kidogo, ongeza. Kikikuta oksijeni haba, kinasema imezidi, punguza. Mama Grisi aliishia darasa la saba, lakini jambo hili alilielewa asubuhi moja, maana ndivyo alivyoishi na mumewe miaka yote: yeye ananusa, mume anaambiwa aongeze au apunguze.

Meneja naye alilielewa, ila kwa njia yake. Wiki mbili kabla ya hiyo Alhamisi alishuka chini, leso puani, akaoneshwa sensa. Akashtuka.

"Hii ndiyo ya oksijeni?"

"Ndiyo, Bosi."

"Na mmeitia kwenye moshi?"

"Kazi yake ni moshi, Bosi."

"Mama, oksijeni iko wapi humu ndani? Mimi mwenyewe siipati! Kifaa cha watu mnakifukiza kama nyuki?"

Bwana Semina akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika "hewa" kwenye daftari lake, akalipigia mstari.

Kesho yake ikashuka barua. Katika ofisi ile barua ndiyo ilikuwa kila kitu; hata balbu ikiungua, watu waliandikiana kwanza gizani kwa kupapasa. Barua ilisema sensa ihamishiwe sitaha ya juu, penye viti vya wageni na hewa safi. Waya zirefushwe. Tundu kwenye bomba lizibwe kwa bolti. Na fundi asiiguse tena bila kibali cha maandishi cha Meneja.

Mama Grisi alieleza mara ya kwanza, akaeleza ya pili. Ya tatu akaambiwa ana ubishi wa kizamani. Basi akarefusha waya. Sensa ikapanda juu, ikafungwa kwenye kibao cheupe, ikatandikiwa na kitambaa.

"Wifi," akamwambia dada wa mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa mkata tiketi, "naona mwenzako kapanda cheo. Wewe miaka yote uko chini, yeye kaja na hii injini mpya miezi mitatu tu iliyopita, tayari yuko juu anapunga upepo."

"Mwache apunge."

"Na huu moshi je? Jana abiria mmoja kapanda na shati la njano, kashuka nalo la kijivu. Kaniuliza kama ni huduma ya bure."

Ilikuwa kweli. Kule juu sensa ilikutana na hewa tupu, ikawa inapiga kelele tu: oksijeni nyingi, ongeza petroli, ongeza! Na kompyuta, ambayo haijafundishwa kubishana na wakubwa, ikawa inamimina. Plagi zilijaa masizi hadi Mama Grisi akawa anazisugua kila mwisho wa zamu.

"Si uuchomoe tu ule waya?" wifi akanong'ona.

"Nikiuchomoa nimevunja barua, nafukuzwa. Nikiuacha ni moshi, nafukuzwa."

"Sasa?"

"Sasa nenda ukakate tiketi, wifi. Watu wamepanga foleni."

Alhamisi ikafika. Bodi walikuja watano, wote wamevaa nyeupe tupu, maana Meneja ndiye aliyewaomba, ili chombo kijisifu chenyewe. Wakakalishwa juu karibu na sensa. Bwana Semina akawaonesha kwa kalamu.

Kivuko kikaondoka. Walipofika katikati ya maji, upepo ukawa wa nyuma, na moshi wote ukapanda kuwasalimia wageni. Kofia zikaanza kugeuka kijivu. Mabega yakafuata. Halafu injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Nanga ikatupwa.

"Mama!" Meneja akafoka. "Umeona ulichofanya? Funguo!"

Mama Grisi akapanda ngazi taratibu huku akifuta mikono.

"Hizi hapa, Bosi. Bwana Semina, karibu chini, baba. Tahadhari na ngazi."

Bwana Semina akachungulia shimo la injini, akanusa, akarudi nyuma. "Mimi upande wangu," alisema, "ni nadharia."

Mwenyekiti wa bodi, mama mtu mzima aliyekuwa akifuta miwani na kuzidi kuichafua, akauliza, "Mama, injini ina shida gani?"

"Imetolewa pua, Mheshimiwa. Nami siruhusiwi kuirudisha."

Akampa ile barua. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, polepole, huku masizi yakitua kwenye kila mstari. Alipofika mwisho akageuka.

"Meneja, hii sahihi ni yako?"

"Ni ya... ofisi."

"Basi ofisi iandike kibali. Tutalala humu?"

Kalamu zilikuwa nne, karatasi hakuna. Daftari la Bwana Semina lilibaki gatini. Wifi akajitokeza na kitabu cha tiketi, mnyenyekevu kama bibi harusi, akampa Meneja mgongo wake aandikie.

Mama Grisi alitumia nusu saa. Alibadilisha plagi, akang'oa bolti, akafunga sensa mahali pake. Injini ikawaka. Ikatema wingu moja la mwisho, kisha moshi ukapungua, ukapungua, hadi Mwenyekiti akainama ukingoni kuutafuta na asiuone.

"Kuanzia leo," akasema mbele ya wote, "chumba cha injini ni cha mama huyu. Asiingie mtu asipomruhusu yeye, awe na cheti, awe na cheo."

Jumatatu mlango wa chumba cha injini ukagongwa. Meneja alikuwa amesimama nje, kwa mara ya kwanza bila leso.

"Mama, samahani. Bodi wanataka niandike ripoti ya jinsi ile sensa inavyofanya kazi."

Mama Grisi alimtazama toka juu hadi chini.

"Vua viatu, Bosi. Chini nimepiga deki."