Kilti ya Abshir

Kwa maelezo ya Fatumo, jirani wa ukuta kwa ukuta, mambo yalikwenda hivi. Mkwewe alipeleka ng'ombe wa kuuza Nairobi, akapita penye uwanja wa askari, akamwona Abshir wa mzee Adow kwa macho yake mawili. Amevaa sketi ya msichana wa shule, nyekundu kwa kijani, yenye marinda, miguu nje kama korongo, na kwapani amembana mbuzi anayelia. Asubuhi, habari ilipokuwa bado kwa akina mama wa maziwa ya ngamia, sketi ilifika magotini. Ilipofika mtaani kwao Bulla Iftin adhuhuri ilikuwa imepanda mapajani, na mbuzi alikuwa ameshakufa.

"Mimi siongezi chumvi," alisema Fatumo, amesimama mlangoni pa chumba cha ushonaji cha Hinda na dumu lake mkononi. "Nimepewa, nami natoa. Lakini wewe ni fundi na yule ni ndugu yako. Niambie basi, huyo mbuzi ni wa nini?"

"Si mbuzi, eddo. Ni zumari la mfuko. Unaupuliza, unaubana, unalia."

"Haya, mbuzi tumemzika. Na sketi?"

Hinda alikanyaga cherehani kana kwamba hakusikia. Kitambaa chenyewe kilikuwa pale pale mezani, kimefunikwa kwa sare za shule, na kilikuwa chekundu kwa kijani.

Abshir alikuwa amekileta mwenyewe siku iliyotangulia. Alikuwa askari wa bendi, na wapuliza zumari katika bendi hiyo huvaa kilti, vazi la kiume la kizungu lenye marinda kama sketi. Ile aliyopewa mwanzo ilikuwa ya mtu mfupi aliyestaafu, na kwa miguu mirefu ya watu wa Adow ilimwacha mapaja wazi. Huko mbali alivumilia. Lakini mwaka huu bendi ilitakiwa hapa nyumbani, Garissa, kwa sherehe za Madaraka, apite mbele ya watu waliomjua babu yake. Akamsihi mkuu wa bendi mpaka akapewa kitambaa kipya cha kwenda kushonewa na dada yake. Kama haitakuwa tayari, aliambiwa, atavaa ile ya zamani.

Tangu afike nyumbani, baba yao hakuwa amemgombeza. Aliitikia salamu, kwa kuwa salamu ni haki ya Mungu, kisha akageuza uso. Abshir alikula peke yake. Hilo Hinda aliliona, akaendelea na kazi yake, kwa maana nyumba yenye ukimya namna hiyo huingiwa kwa ncha za vidole.

Na kazi yenyewe Hinda aliianza kwa kuharibu. Marinda aliyoyajua ni ya sketi za shule, basi akayakunja kuzunguka kiuno chote, mbele na nyuma. Abshir alivaa, akajitazama kiooni.

"Walaal, nimebakisha kusuka nywele tu, niandikishwe darasa la sita."

Walicheka mpaka Hinda akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha kicheko kikawakauka wote wawili kwa pamoja, kwa sababu nguo iliyokuwa kiooni ndiyo hasa ile ya Fatumo.

Alifumua yote kwa wembe. Abshir akamwonyesha picha ya kilti kwenye simu, Hinda akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama nguo yoyote. Mbele ni bapa, upande mmoja unafunika mwingine, kama baba yao anavyojifunga macawis, kikoi chake. Marinda yote yako nyuma. Tena hayakunjwi ovyo. Ukikunja ovyo mistari inamezana, mgongo unakuwa tope la rangi. Kila rinda alilikunja hivi kwamba mstari mwekundu ukaangukia pale ambapo ungekuwa kama kitambaa kisingekunjwa kabisa. Chini hakuna upindo wa kushusha, ni ukingo wa kiwandani, kwa hiyo urefu huamuliwa kiunoni tu. Ndiyo maana kiuno alikishikiza kwa mkono, nyuzi kubwa kubwa, bila kukipiga cherehani.

Baada ya alasiri mzee Adow aliingia, akaketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. Abshir alikuwa amesimama ndani ya kilti, Hinda akimzunguka na pini. Abshir akafikiri amepata neno la kumpendeza baba.

"Aabo, wenye nguo hii huko kwao, kila ukoo una mistari yake. Kama sisi na chapa za ngamia."

"Na hii ni chapa ya akina nani?"

"Ya bendi. Ukoo wake siujui."

"Huujui." Adow alitikisa kichwa polepole. "Ngamia mwenye chapa ya watu nikimkuta zizini kwangu, simpigi. Maji nampa. Kisha namrudisha kwa wenyewe."

"Mimi si ngamia, aabo."

"Kweli. Ngamia hachagui chapa. Wewe uliifuata mwenyewe."

Abshir alitazama ukuta. Kifua chake kilipanda kikashuka, na pini moja ikadondoka. Hinda aliiokota, akabaki amechuchumaa.

"Aabo, nguo hii aliiomba kwa ajili yako," alisema. "Ya kwanza ilimwacha wazi. Angeweza kuivaa akanyamaza, mshahara ni ule ule."

"Na akitembea je? Upepo wa msimu huu huujui?"

"Marinda ni mazito. Na ndani ana kaptula ya kufika gotini, nimeishona kwa mikono yangu."

 Hinda alitandika mkeka mbele ya kiti cha mzee.

"Bendini hupima hivi. Abshir, piga magoti."

Abshir alipiga magoti mbele ya baba yake, mgongo wima kama alivyofundishwa. Ukingo wa kitambaa ukakaribia mkeka, ukabaki unatikisika. Basi la kurudi kambini lilikuwa la jioni. Kiuno kikishapigwa cherehani hakuna kushusha wala kupandisha tena, na wenye gwaride hawangoji.

"Aabo," Hinda alisema, "sitara ya mwanamume ni kitovu hadi goti, wewe ndiye uliyetufundisha. Macho yangu mimi ni ya fundi, hayatoshi. Inama uangalie, kisha uniambie: imefika, nishone?"

Adow aliinama kidogo juu ya fimbo yake. Alitazama ukingo, akatazama magoti ya mwanawe, akatazama nywele zake zilizokatwa fupi kiaskari. Hinda alishika kiuno cha kilti kwa vidole viwili ili kisiteleze, akangoja.