Waya wa Stoo

Siku walipokuja kuzichukua seva, Fundi alikuwa amevaa sweta. Kompyuta zile kubwa hazipendi joto, kwa hiyo chumba chao kilikuwa na baridi mwaka mzima, na lile sweta la kijivu lilijulikana kiwandani kuliko mwenyewe. Vijana wa kampuni ya nje wakazichomoa moja moja, wakazizungushia vipande vya sponji, maana kiwanda kilikuwa cha magodoro na sponji haikukosekana, wakazipakia garini kuzipeleka kwenye jengo lao katika mji mwingine. Mwishoni wakafungua hata kiyoyozi, wakaondoka nacho. Kabla ya saa ya chakula Fundi alikuwa anatokwa na jasho. Akalivua sweta, akalitundika nyuma ya mlango.

Meneja alimweleza kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba sindano haiumi.

"Hatukufukuzi, Fundi. Mitambo yote sasa wanaisimamia wao, kutoka hukohuko kwao. Wewe utakuwa mikono yao hapa. Wakikutuma, unakwenda."

"Na wasiponituma?"

"Basi unapumzika, mzee. Kuna ubaya gani?"

Wapo waliomwonea wivu. Mshahara uleule, kazi robo, mtu atake nini tena? Maneno hayo husemwa na mtu ambaye hajawahi kukaa peke yake kwenye chumba kitupu tangu asubuhi mpaka jioni, na wa namna hiyo huwa hawachoki kushauri.

Mbele ya meza ya Fundi kulikuwa na kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa kwa waya. Zamani kila aliyekwama na kompyuta alikuja nayo mwenyewe, akaketi pale kusubiri. Na mtu akisubiri, husema. Fundi akiwa amempa mgongo, akifungua hiki na kukaza kile, aliyasikia yote: nani kaposa, nani kaachwa, mama mkwe wa nani alikuja kwa wiki moja na sasa anapanda maua uani. Yeye mwenyewe hakuwa msemaji. "Eeh." "Pole." "Ndiyo dunia." Hotuba yake ilikuwa hiyo. Lakini jioni alipofunga mlango alikuwa ameshiba watu, na shibe ile ilimfikisha mpaka asubuhi.

Aliihitaji, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu. Mkewe alikwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua mapacha. Aliaga kwamba anakwenda kwa miezi michache, na ile michache ikazaa mingine. Fundi alimpigia simu mara kwa mara, ila hakuweza kupiga bila sababu. Angeanzaje? Kwa hiyo aliuliza pasi inawashwaje, yeye aliyeweza kuwasha seva huku amefumba macho. Aliuliza chumvi inakaa wapi.

"Kabati la juu, baba watoto," mkewe alijibu, pacha mmoja akilia huku na mwenzake akimwitikia kule. "Ngoja, nitakupigia."

Chumvi ilikuwa mezani, mbele yake.

Utaratibu mpya ulikuwa mwepesi. Mwenye tatizo apige namba ya kampuni ya nje. Binti wa simu atalipokea, ataliandikia namba yake, na bila namba hiyo hakuna ruhusa ya kugusa hata kitufe. Mengi waliyatengeneza kutoka hukohuko, mtu anatazama kioo chake na mshale unatembea wenyewe. Watu wakafurahi. Kile kiti kikabaki kitupu. Fundi akaweka boksi juu yake ili asikione hivyo. Baada ya siku chache akaliondoa, huenda mtu akaja. Hakuja mtu.

Kisha siku moja simu ya mezani ikalia.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema binti wa simu. "Kompyuta ya stoo imepotea kwetu. Nadhani ni waya. Naomba ukaniangalizie."

Fundi alikwenda mbio kama bwana harusi aliyechelewa. Stoo ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa malori, na msimamizi wake, Bwana Stoo, ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa kile kiti. Umri wao mmoja, ila cheko la yule lilitosha watu wanne.

"Fundi! Kumbe uko hai? Nilishaanza kuchanga rambirambi!"

Ufagio ulikuwa umeuvuta waya ukachomoka. Kuurudisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Fundi aliifanya mpaka adhuhuri. Bwana Stoo alimvutia godoro la sampuli, akamsimulia goti lake, shemeji yake, na mbuzi wa jirani aliyekula cheti cha ndoa. Fundi alirudi chumbani kwake akiwa mwepesi.

Wiki iliyofuata alipita kwenye ujia lilipo sanduku linalokusanya nyaya za ofisi zote. Akatazama huku na huku. Akachomoa mmoja.

Sitamtetea. Alijua anachofanya. Leo ofisi ya mauzo, wiki ijayo uhasibu, na kila mara binti wa simu alimtuma, na kila mara alipokelewa kwa "Jamani, Fundi, umetupa jongoo na mti wake!" Lakini zaidi ya kote aliichomoa stoo, kwa sababu ndiko alikopenda kwenda. Wakati huo malori yalipanga foleni uwanjani yakisubiri hati za mzigo zisizotoka, na madereva walipiga honi na kutukana. Fundi hakuyasikia matusi hayo. Alipofika yeye, rafiki yake alikuwa ameshayameza.

Siku za mwizi ni arobaini. Binti wa simu akapiga tena, na safari hii sauti yake ilikuwa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo wapi?"

"Leo hakuna. Mzee, meneja wenu anataka tumwandikie kwa nini stoo inakatika kila mara. Anaamini msimamizi anauchomoa waya mwenyewe ili apumzike. Wanataka kumsimamisha kazi."

Fundi akatafuta pa kukaa. Akakaa kwenye kile kiti cha plastiki.

"Mimi huku sioni mkono wa mtu," binti akaendelea. "Naona tu kwamba ile wiki uliyougua, haikukatika ofisi hata moja. Sasa niandike nini, mzee wangu?"

"Usiandike bado, mwanangu. Nakwenda kusema mwenyewe."

Alianzia stoo. Bwana Stoo alikuwa ameinama mezani na hakumtania. Fundi alisimama mbele yake akasema yote kwa mara moja, kwa kuogopa kwamba akipumua hatamaliza.

"Wewe?" Bwana Stoo aliinuka polepole. "Mimi nawaambia madereva waya ni mbovu, natukanwa mama yangu, namwapia meneja kwa Mungu, kumbe ni wewe? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Nilitaka kuja."

"Kuja wapi?"

"Hapa."

Bwana Stoo aligeuka akautazama mlango wa stoo. Ulikuwa wazi, kama unavyokuwa wazi tangu asubuhi hadi jioni, na lori lilikuwa linaingia kwa kinyumenyume.

"Mlango huu linapita lori, Fundi. Wewe ulishindwa kupita?"

Fundi akautazama mlango naye.

"Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Ungekuja tu ukaniambia, nimekuja kukaa. Ningekufukuza?" Akaketi tena. "Nenda kwa meneja. Nenda sasa hivi, kabla sijakutamkia neno la kujutia."

Meneja hakuwa na upole tena, na hakuna wa kumlaumu. Mchana huohuo Fundi alitoka getini na sweta mkononi. Alisimama kidogo kuangalia upande wa stoo. Honi zilikuwa zimenyamaza, kazi ilikuwa inakwenda, na Bwana Stoo hakutoka kumuaga.

Nyumbani alikaa mezani, chumvi mbele yake, akapiga simu.

"Baba watoto? Umekosa nini?"

Safari hii alikuwa na sababu, tena kubwa kuliko zote alizowahi kuzitunga. Akaiweka kando kwanza.

"Sijakosa kitu. Nimepiga tu. Nimekukumbuka."

Mtoto alikuwa analia upande wa pili. Fundi akasubiri lile neno, nitakupigia. Akasikia mlango ukifungwa, kilio kikawa mbali, kisha kiti kikivutwa.

"Siku zote hizi," mkewe alisema taratibu, "nilidhani ulichokosa ni chumvi." Akavuta pumzi. "Haya, nimekaa. Niambie."

Fundi akafungua mdomo, asione pa kuanzia. Maisha yake yote alikuwa upande wa wanaosikiliza, na hakujua anayeketi kwenye kile kiti huanza na neno gani. Mkewe hakumharakisha. Mwisho akaanza na sweta.