Jumatano ya Kemia

Simu ya mjomba Mudathir iliita alfajiri, Selestina akiwa anafagia uwanja wa nyumba aliyopanga pale Kilosa mjini. Aliliona jina kwenye kioo, akaegemeza ufagio ukutani, na kabla hajapokea alikwisha kujua. Watu wa Malolo hawapigi simu saa hizo kwa salamu tu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Dada yangu ametutoka. Adhana ilimkuta bado anapumua. Ilipokwisha, na yeye alikuwa amekwisha. Tunazika leo, baada ya alasiri. Saa kumi."

"Poleni, mjomba. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Sasa sikiliza. Ashrafu asiambiwe."

Aliyefariki alikuwa mama yake Ashrafu, na Ashrafu alikuwa Mikumi, bwenini, katikati ya mtihani wa kidato cha nne. Jumatano hiyo asubuhi alikuwa anafanya Kemia. Mitihani mingine ilikuwa imebaki, na wa mwisho ungefanyika Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Selestina hakuwa ndugu yake. Alikuwa mlezi wake. Yeye mwenyewe alisoma kwa ufadhili. Mfuko mmoja ulimlipia bweni, sare na vitabu mpaka akamaliza. Waliomaliza hawakudaiwa kitu. Waliombwa tu kwamba anayeweza awashike wadogo zake watatu au wanne wanaosoma kwa mfuko ule ule: awatembelee shuleni, aende mpaka kwao wasipoonekana, awasikilize. Mshahara haukuwepo. Siku zake nyingine Selestina alikuwa akitoa fotokopi kwenye duka la mtu karibu na soko, na tajiri wake alikwisha kuzoea kuombwa ruhusa.

Walezi wote wa Kilosa walikuwa na maswali ya kumuuliza mwanafunzi mwanzoni mwa mwaka wa mtihani. Unalala wapi, unakula nini, somo gani linakusumbua. Selestina aliongeza la kwake: likitokea jambo baya nyumbani wakati wa mtihani, uambiwe siku hiyo hiyo au usubiriwe umalize? Goodluck, aliyekuwa kiongozi wao, alimcheka kikaoni.

"Sele, unawatisha watoto. Mtu hajaanza hata kusoma, wewe unamuulizia msiba."

Alimwacha acheke. Hakumweleza kwamba baba yake mwenyewe alizikwa kwao Masanze siku aliyokuwa akifanya mtihani wa Historia, na kwamba yeye aliambiwa siku nane baadaye, ofisini kwa mwalimu, mbele ya chupa ya soda iliyofunguliwa tayari. Tangu siku ile soda hainywi. Na mama yake, aliyetoa amri afichwe, wanasalimiana vizuri tu, lakini kuna chumba katika moyo ambacho mama hajawahi kukaribishwa tena.

Ashrafu alipoulizwa swali lile, mwezi wa tatu, alikuwa anapiga viatu brashi. Mama yake alikwisha kuanza kuumwa figo. Aliiweka brashi chini.

"Niambie siku hiyo hiyo, dada. Hata kama niko ndani ya chumba, wewe nisubiri mlangoni. Nikitoka, niambie."

"Sawa."

"Si sawa. Sema unaahidi."

"Naahidi, Ashrafu."

Ndiyo maana asubuhi ile Selestina hakumjibu mjomba ndiyo wala hapana. Alisema anakwenda Mikumi. Akapanda gari la kwanza, na njia nzima kupitia kijiji cha Ulaya akawa anapiga hesabu ya saa. Kemia inatoka saa tano. Kutoka Mikumi mpaka Malolo, basi na pikipiki, ni saa mbili, zikizidi sana saa tatu. Saa nane Ashrafu yuko kwao. Saa kumi anamzika mama yake. Saa kumi na moja wanageuza, na kesho asubuhi anaingia kwenye Jiografia pamoja na wenzake. Atakuwa amechoka, macho yamevimba, lakini atakuwa amemzika. Hesabu ilikubali. Aliirudia mara tatu, ikakubali mara tatu.

Saa nne alikuwa mbele ya mkuu wa shule, mwalimu Damiano, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Nje ya dirisha askari aliyelinda mtihani alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, bunduki mapajani.

"Mjomba wake amenipigia na mimi," mwalimu alisema. "Simzuii mtu kuzika mzazi wake. Lakini miaka miwili iliyopita nilimruhusu binti mmoja. Aliondoka kwa siku moja. Alirudi siku ya nne, karatasi tatu zimempita. Sasa hivi anauza vitumbua hapo stendi, ukishuka utamwona. Wewe ndiye mlezi. Ukisema aende, nitasaini."

Selestina alitoka nje akampigia mjomba. Alimweleza ile hesabu yake yote, saa kwa saa.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kwao Malolo mjomba ndiye mwenye mtoto. Angeweza kukataa kwa neno moja, akakata simu. Hakufanya hivyo.

"Mwanangu, nikwambie kitu. Juzi usiku dada aliniita. Akasema, kaka, nikifa kabla mtoto hajamaliza, msimlete. Akiniona hivi nilivyo hatashika kalamu tena. Nikamwambia nimesikia. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia likaeleweka. Yaliyofuata hayakuwa na maana. Sasa wewe unataka mimi nifanyeje?"

Selestina aliagana naye, akakata simu. Alikuwa na ahadi yake mkono mmoja, na mkono wa pili amewekewa wosia wa marehemu. Alisimama pale kwenye kivuli cha ukuta mpaka kengele ikagongwa.

Wanafunzi walimwagika. Ashrafu alimwona kwa mbali, akaja karibu anakimbia, rafiki yake Lukasi nyuma yake.

"Dada Sele! Mbona leo una sura ya mtu aliyenyimwa chai?"

"Kemia imeendaje?"

"Kemia? Imekuja yenyewe, ikakaa mezani, ikasema, Ashrafu, nichukue."

"Mwongo huyo, dada," Lukasi alidakia. "Alikuwa anang'ata kalamu mpaka msimamizi akadhani ana njaa."

"Na njaa ninayo. Vyote vinakwenda pamoja."

Walicheka. Selestina naye akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamtisha. Lukasi alikwenda zake. Ashrafu alibaki, akapunguza sauti.

"Mama anaendeleaje?"

Hapa ndipo palipokuwa mlangoni. Hapa ndipo alipoombwa asubiri. Alimtazama kijana yule, wino kwenye kidole, shati limelowa mgongoni, macho yake bado yanang'aa kwa swali alilolipata.

"Anaendelea vizuri," alisema.

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi mpigie nimsalimie. Dakika moja tu. Nimwambie Kemia imekwisha, alikuwa anaiogopa kuliko mimi."

"Simu ya mjomba haina chaji. Nimejaribu asubuhi."

Uongo wa pili haukumpa shida kama wa kwanza. Alimpa sabuni na biskuti alizonunua stendi, akamwambia akapumzike, akasome Jiografia. Ashrafu alimsindikiza mpaka getini. Alisema kwamba mchana atafua sare, maana zote mbili zimechafuka.

Selestina hakurudi Kilosa. Miguu yake haikukubali. Alivuka barabara akapanda basi la kwenda upande wa Iringa, akashuka njia panda, akachukua pikipiki. Alifika Malolo saa nane kasorobo. Saa alizokuwa amezihesabu zilikuwa za kweli.

Aliazima kanga, akajifunika, akaketi mkekani na wanawake. Wengi walimjua, walimwita yule dada wa Ashrafu. Bibi, mama mzazi wa marehemu, alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Alimshika mkono asiuachie.

"Mwenye mama yuko wapi? Umekuja naye?"

"Yuko kwenye mtihani, bibi."

"Hajaambiwa?"

"Hajaambiwa."

Bibi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. "Nyie mliosoma," alisema, "mna mambo."

Baada ya alasiri wanaume waliinua jeneza, wakaondoka nalo kwa shahada, wanapokezana mabegani, wakashika njia ya makaburini, kando ya mashamba ya vitunguu. Wanawake walibaki. Sauti zikapungua, zikapungua, zikawa kama hazipo.

Zikapita siku tisa. Hakuna siku hata moja Selestina aliyolala vizuri. Jumapili alipanga kwenda kumwambia. Jumatatu akasema karatasi zimebaki chache, amalize tu. Ahadi ikishavunjwa siku ya kwanza, siku ya pili haina tena mahali pa kuishika.

Ijumaa Ashrafu alitoka kwenye mtihani wa mwisho, Baiolojia kwa vitendo. Mwalimu Damiano alikuwa ameandaa viti ofisini. Selestina alikataa. Alimngoja nje ya chumba cha mtihani, amesimama, hana kitu mkononi.

"Ashrafu, mama amefariki."

Kijana alimtazama. Nyuma yake wenzake walikuwa wanapiga vigelegele, wanarushiana maji.

"Lini?"

"Jumatano."

"Juzi?"

"Jumatano ya Kemia."

Hakulia. Aliikunja karatasi ya namba yake ya mtihani, akaiweka mfukoni, akaenda bwenini kuchukua sanduku. Ndani ya basi alikaa kiti cha mbele, Selestina akakaa nyuma yake, akawa anaiangalia shingo yake njia nzima. Waliposhuka njia panda, wakisubiri pikipiki, ndipo alipouliza.

"Alizikwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Mimi nilitoka saa tano."

"Ndiyo."

"Leo tumeondoka saa sita. Sasa hivi saa ngapi?"

Selestina alitazama simu. "Saa nane kasoro."

"Saa kumi ile nilikuwa nafua," Ashrafu alisema. Alisema taratibu, kama anayesoma swali kabla ya kulijibu. "Nilikuwa nafua, naimba."

Nyumbani watu walianza kulia upya walipomwona. Mjomba Mudathir alimkumbatia, akamkalisha, akamweleza wosia wa mama yake neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza. Akamalizia: "Usimlaumu dada yako huyu. Aliyesema usiambiwe ni mama yako mwenyewe."

"Mama alisema kwako, mjomba," Ashrafu alijibu. "Mimi nilisema kwake."

Hakumnyooshea Selestina kidole. Hakuwa na haja.

Baadaye watu walipopungua, alikuja akaketi ukingoni mwa mkeka aliokalia Selestina. Lile jina la dada Sele hakulitumia.

"Ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo. Nilitoka kwako nikaja huku."

"Niambie, basi. Yote."

Selestina akaanza. Alimwambia walioosha maiti ni nani na nani. Alimwambia sanda ilikatwa na mama mkubwa kutoka Kisanga, na kwamba ilibidi ashikiwe kitambaa. Alimwambia mama yake alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa umetulia. Waliruhusiwa kumwona mara moja kabla hajafunikwa. Alimwambia bibi aliulizia nani. Alimwambia jirani mmoja alipika uji wa watu wote, akausahau jikoni ukaungua, na harufu ikakaa uani mpaka jioni. Ashrafu hakumkatiza. Alisikiliza jinsi alivyozoea kumsikiliza akimweleza masomo, mdomo wazi kidogo.

"Na jeneza? Mbele alishika nani?"

"Mjomba, na mwingine sikumjua."

"Na kule kaburini? Aliyeshuka ndani kumpokea?"

"Sijui, Ashrafu. Wanawake tulibaki hapa."

"Kwa hiyo hukuona."

"Sikuona."

Vumbi la barabarani lilikuwa bado limemganda Ashrafu kwenye kope, na sasa lilianza kulowa.

"Basi wote hatukuwepo," alisema.

Mjomba alimwita kutoka nje. Ashrafu aliinuka, angali na sare yake ya shule, wakashika pamoja ile njia ya kando ya vitunguu, mjomba mbele, yeye nyuma. Selestina naye alisimama ili awafuate. Alifika kizingitini. Hakuna aliyegeuka kumwita. Bibi alisogea kidogo ukutani, akampisha nafasi, na Selestina akarudi akaketi.