Lita Ishirini na Nne

Nilisema nitamkomesha Nurdini, na nikamkomesha kweli.

Bwana huyu hununua alizeti dukani kwake, sokoni Kizota. Mwaka jana mama yangu, Mwanamvua, alimpelekea madebe sita, aliyoyapima mwenyewe nyumbani Nzuguni. Nurdini akapima kwa debe lake, yakatoka matano. Mama alipobisha, akaropoka mbele ya wateja: "Bibi, uzee wote huo na bado mwizi!" Mama yangu mimi! Tangu siku hiyo hakukanyaga sokoni, na majirani wakimsalimia anainamisha uso.

Mimi nafundisha hisabati darasa la sita. Binti yake Nurdini, Ikram, ndiye kichwa cha darasa, na siku ile alikuwepo dukani, alisikia yote. Tulipofika kwenye ujazo, niliwaambia watoto walete vyombo vya nyumbani, kama tufanyavyo kila mwaka. "Ikram, wewe lete debe la dukani kwa baba." Somo nikaliweka siku ya kikao cha wazazi, uwanjani. Mama nikamkalisha kiti cha mbele.

Ikram alimimina maji kwa jagi la lita moja, akihesabu kwa sauti. Ishirini, na debe halijajaa. Wazazi wakaanza kunong'onezana. Ishirini na moja. Nurdini akasimama.

"Mwalimu, hilo debe bovu hilo!"

"Keti, baba Ikram, somo halijaisha."

Weee, raha niliyoisikia! Likajaa kwenye ishirini na nne. Lilikuwa limegongwa nyundo kwa ndani, likatanuka mbavu zote.

"Haya," nikasema, "mtu ana madebe sita ya lita ishirini. Ukimpimia kwa hili, yanatoka mangapi?"

Ikram hakuhitaji hata chaki. "Ni lita mia moja na ishirini. Yanatoka matano." Akamgeukia mama yangu, amefurahi kupata jibu. "Kumbe bibi hakuiba! Basi aliyeiba ni..."

Akamtazama baba yake.

Ningeweza kumwachia hapo. Sikumwachia. Sentensi hiyo niliingoja mwaka mzima.

"Malizia, Ikram. Aliyeiba ni nani?"

Mama akainuka, akamkumbatia mtoto, akamfunika uso kwa mtandio wake.

"Inatosha, mwalimu," akaniambia.

Alikuwa hajawahi kuniita mwalimu maishani mwake, mimi ni Nasma wake. Huu mwezi wa nne sasa, na bado ananiita hivyo.