Salamu Iliyochelewa Miaka Saba

Kalista alikuwa amemega tonge la nne la ugali wa ulezi, amelichovya kwenye maharage na kulipuliza ili amlishe mumewe Wilibrodi, pale mkono wa kulia wa mgonjwa huyo ulipoinuka na kumpita usoni. Tonge likabaki hewani.

Wilibrodi hakuwa ameinua hata kidole tangu malori ya watu binafsi yalipoanza kununua mahindi Ufipa, naye akaanguka kutoka juu ya magunia kwenye lori mojawapo. Sasa madaktari wageni walikuwa wamempandikizia nyaya nyembamba za kuamsha mishipa ya fahamu chini ya ngozi. Akipandisha bega la kushoto, vidole vya kulia vitajikunja na kukunjuka. Walisema ataanza na kijiko.

Mkono haukugusa kijiko. Ulipunga taratibu, kuelekea dirishani.

"Unampungia nani?"

"Si mimi," Wilibrodi alisema. "Mkono unamalizia pale ulipoishia."

Salamu ikatoka dirishani, ikavuka nyumba za Mazwi, mtaani kwao. Alasiri ilipita Matai, juu kidogo ya mapaa, na mama mmoja aliyekuwa akianika nguo aliinama kuipisha. Jioni ikateremka Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika.

Kesho yake mwanamke aitwaye Dominika, muuza samaki wa migebuka wa huko, alishuka kwenye lori mlangoni kwao na kapu lake.

"Shikamoo, dada. Jana nimeona ananipungia. Siku ile alipoanguka, aliachia kamba ya magunia ili aniage, lori likaingia shimoni. Mimi nilikuwa nimeshageuka. Nikajua ameondoka bila kuaga, nikanuna miaka saba."

"Marahaba. Wewe ukinuna, wenzio tunamwogesha."

Kalista alimpikia, maana mgeni ni mgeni. Dominika akala, akaondoka na lori la mchana. Mkono ukaendelea kupunga kila siku wakati wa chakula, na watu wa Matai wakazoea kuinama.

Jumapili majirani walikuja na pombe kumpongeza Kalista. "Umepumzika, mama," walimwambia. "Sasa atakula mwenyewe." Kwa kweli kijiko alikuwa anakishika, mkono ukishamaliza kupunga.

Mzee Theodory, mwenyekiti wa jumuiya, akamwomba mama mwenye nyumba atoe neno la shukrani. Kalista alisimama, akanyoosha kitenge. Tangu asubuhi alikuwa amepanga kumshukuru Mungu, kisha madaktari, kisha majirani. Nyuma yake mkono ulikuwa unapunga.

"Mkono huu ulipokuwa umekufa," alisema, "mume wangu alikuwa wangu peke yangu. Nilikuwa na raha. Nautaka ufe tena."